Safari za mwisho wa juma kwa ajili ya kula: mwongozo kamili kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetoka mjini Jumamosi huulizwa anakwenda kuona nini. Mwongozo huu unaanzia kwenye swali jingine, la anakwenda kula nini, kwa sababu chakula cha mahali kina miezi yake, siku zake na hata saa zake, na anayezifuata hufika kijijini wakati ambapo watu wote wako kwenye shughuli, mashua zinaingia au gulio limejaa, badala ya kukuta magofu na mlinzi peke yake. Vyakula vinavyokusudiwa hapa ni kama pepeta, mabibo, mlenda wa Kigogo na pweza aliyechokolewa asubuhi ya siku hiyo hiyo, ambavyo ama havifiki kabisa katika masoko ya Kariakoo na Ilala, ama hufika vikiwa vimepoteza nusu ya ladha yake. Magofu na misitu havikuachwa, ila vimewekwa mahali pake, yaani kati ya mlo mmoja na mwingine.

Hatua ya kwanza: uliza hapa hapa mjini kabla ya kupanga safari

Dar es Salaam ina watu wa kila mkoa, na hiyo ni hazina ambayo wasafiri wengi hawaitumii. Tatizo ni namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtu chakula cha asili cha kwao ni kipi, atakupa jibu la darasani: Wachaga wanakula ndizi, Wahaya wanakula ndizi na senene, Wagogo wanakula ugali wa uwele. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayakufikishi popote. Swali lenye manufaa ni hili: ukienda kwenu, siku ya kwanza unaomba upikiwe nini? Hapo mtu hutabasamu, hutaja kitu ambacho hujawahi kukisikia, na mara nyingi huanza kueleza namna mama yake anavyokipika.

Jibu likipatikana, endelea na maswali matatu. Kinapatikana mwezi gani? Kinapikwa na kila nyumba au na watu wachache wanaojulikana? Kinauzwa, au huliwa nyumbani tu? Swali la mwisho ndilo linaloamua safari yako itakavyokuwa, kwa kuwa vyakula vingi vizuri vya nchi hii havijawahi kuwekwa kwenye meza ya mama lishe, na njia pekee ya kuvipata ni kuwa mgeni wa mtu. Ikiwa hivyo, omba namba ya simu ya ndugu aliyeko huko na umwombe huyo uliyemwuliza akutambulishe kwake yeye mwenyewe kwanza. Simu inayotoka kwa mtu asiyejulikana, inayouliza habari za chakula, huleta mashaka kuliko ukarimu.

Baadhi ya vitu unaweza kuvionja mjini ili ujue kama vinastahili nauli. Senene wa Kagera huletwa Dar es Salaam wakiwa wamekaangwa, hasa baada ya msimu wa Novemba na Desemba, na mahali pazuri pa kuwaulizia ni kwa watu wanaopokea mizigo kutoka Bukoba katika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Supu ya pweza inauzwa jioni katika vibanda vya barabarani karibu kila kona ya jiji, ikisindikizwa na sifa za nguvu za kiume ambazo msomaji atazipima mwenyewe. Soko la samaki la Feri nalo lina sehemu ya wakaangaji, na atakayefika alfajiri, wakati wa mnada, atajifunza majina ya samaki kwa saa moja kuliko kwa mwaka mzima wa kununua vipande vilivyokwisha kukatwa.

Hatua ya pili: tengeneza kalenda yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa na uzito kuliko zote. Chukua karatasi, andika miezi 12, kisha jaza unachokijua na unachoambiwa. Kwa ukanda unaofikika kutoka Dar es Salaam, kalenda ya kuanzia inaweza kuwa hivi. Kati ya Aprili na Juni, mpunga unapokaribia kuiva katika mabonde kama la Rufiji, ndiyo nafasi ya pepeta, yaani mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, unaotafunwa hivyo hivyo au kwa nazi na sukari. Kuanzia Juni hadi Agosti machungwa ya Muheza huwa mengi. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwanza Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho katika Mkuranga na Kisarawe, na pamoja na korosho huja bibo, tunda lenye maji mengi ambalo haliwezi kukaa hata siku mbili bila kuharibika, na kwa sababu hiyo hulikuti sokoni mjini. Mwisho wa mwaka pia ni wakati wa maembe, zambarau na mananasi ya Kiwangwa.

Kwa vyakula vya baharini, kalenda inayotawala ni ya mwezi wa angani. Wakati wa bamvu, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Miamba hubaki wazi, na wanawake na vijana hutoka kwenda kuchokoa pweza na kuokota kombe. Katika siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi hivi, kwa hiyo pweza hufika kijijini karibu na adhuhuri na huwa tayari chunguni alasiri. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, hakuna mwamba wa maana unaoonekana, na atakayekwenda siku hizo ataletewa pweza wa kwenye barafu. Fahamu vilevile kwamba katika baadhi ya maeneo, kwa mfano Songosongo na Mafia, wanavijiji hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua kwa siku iliyotangazwa. Siku hiyo ya ufunguzi inafaa kusubiriwa.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Katika miji ya pwani migahawa mingi hufungwa mchana, na si adabu kula hadharani, lakini jioni ndipo vinapotoka vyakula ambavyo miezi mingine huvioni vikiwa pamoja: mihogo na magimbi ya nazi, ndizi mbichi za nazi, tambi, kunde, uji wa pilipili manga, vitumbua, kalimati. Anayetaka kuujua upishi wa pwani kwa jioni moja asingojee mwezi mwingine.

Mwisho, uliza siku za gulio. Vijiji vingi vya milimani na vya bara vina siku moja au mbili za soko kwa juma, na ikiwa siku hiyo si Jumamosi wala Jumapili, ni afadhali kuomba ruhusa kazini kuliko kufika siku ya pili yake na kukuta majani ya kabeji yaliyokanyagwa.

Hatua ya tatu: pima umbali kwa saa, na chagua kituo sahihi

Kanuni yangu ni kwamba safari ya siku moja isizidi saa tatu kwenda, na ya siku mbili isizidi saa tano, kwa kuwa aliyechoka halijui vizuri alilalo. Kilomita hazisaidii sana katika hesabu hii. Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi, lakini foleni ya Tegeta na Bunju inaweza kuifanya iwe ya saa mbili na zaidi.

Magari ya Bagamoyo hupatikana Makumbusho. Ya Mkuranga, Kibiti na kusini kwa jumla huanzia Mbagala Rangi Tatu, na ya Kisarawe hupitia Gongo la Mboto. Mabasi ya bara na kaskazini yako Mbezi Luis, ambako wapiga debe watakuambia kwamba basi linaondoka sasa hivi; tazama abiria waliokwisha kukaa ndani, na usimwamini anayepiga kelele nje. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huo, imebadilisha kabisa ramani ya safari za aina hii: Morogoro sasa ni chini ya saa mbili, na Dodoma imeingia katika orodha ya mwisho wa juma. Kata tiketi mapema kwa kutumia kitambulisho, hasa ya kurudi Jumapili jioni, na fika stesheni na muda wa ziada kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi.

Hatua ya nne: chagua njia

Njia ya kwanza, ambayo ningemshauri anayeanza, ni Bagamoyo na Kiwangwa kwa siku mbili. Toka Dar es Salaam Jumamosi alfajiri na uelekee moja kwa moja kwenye soko la samaki la Bagamoyo lililo ufukweni. Mashua zikiingia, samaki hunadiwa mchangani kwa mafungu, na mgeni anaweza kununua fungu dogo, changu au vibua, akampelekea mmoja wa akina mama wakaangaji walio hapo hapo, ambaye atalikaanga kwa malipo kidogo. Patana bei ya kukaanga kabla samaki hawajaingia kwenye mafuta. Kabla ya kuondoka, uliza kama kuna anayeuza ng'onda wa papa au wa taa; samaki huyo aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani, akipikwa kwa nazi nzito na ndimu, na kuliwa kwa ugali wa muhogo, ni mlo ambao wakazi wengi wa mjini huukimbia kwa harufu na kuujutia baadaye kwa kuukosa.

Adhuhuri nenda Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, kwa bodaboda. Magofu yake yana mabaki ya misikiti miwili, mmoja ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo, na kijiji kilicho jirani ni cha wavuvi wanaoishi kando ya mikoko. Ikiwa umefuata kalenda ya bamvu, hapo ndipo mahali pa kuulizia nani amepata pweza leo. Agiza apikwe kwa tui, urudi baada ya saa mbili. Lala mjini Bagamoyo, na Jumapili asubuhi panda gari linalokwenda Msata, ushuke Kiwangwa, ambako mananasi hupangwa kando ya barabara kuanzia mwishoni mwa mwaka. Usiishie barabarani. Omba kupelekwa shambani, ambako nanasi lililoachwa likaiva kwenye shina lake ni tunda jingine kabisa na lile linalokatwa bichi ili livumilie lori la kwenda mjini.

Njia ya pili ni ya milima ya Uluguru, nayo inataka miguu yenye nguvu. Fika Morogoro kwa treni Ijumaa jioni. Asubuhi una uamuzi wa kufanya: upande wa mashariki, kupitia Mkuyuni kuelekea Matombo, au juu Kinole, ni nchi ya ndizi, magimbi na viungo, ambako utaona pilipili manga ikipanda juu ya miti na karafuu zikianikwa uwanjani; upande wa magharibi, kwa barabara ya Iringa kisha kuchepuka kwenda Mgeta, ni nchi ya baridi, kabeji, njegere na viazi vilivyolimwa kwenye matuta ya mteremko mkali. Ningechagua mashariki kwa ajili ya kula na magharibi kwa ajili ya kutazama. Kwa vyovyote vile, uliza togwa. Kinywaji hiki cha nafaka na kimea, kikiwa cha siku hiyo, kina utamu mwepesi na hakilevyi; kikikaa huanza kuchacha, kwa hiyo uliza kilipikwa lini kabla ya kumaliza kata nzima. Anayependa samaki wa mtoni kuliko magimbi atafute Ifakara siku akiwa na mapumziko ya siku tatu, kwa ajili ya kambale na perege wa Kilombero na mchele wa huko, ambao hauhitaji kusifiwa.

Upande wa kusini kuna Kisiju, bandari ndogo ya mikoko katika Wilaya ya Mkuranga ambayo vyombo vya kwenda visiwa vya Kwale na Koma hutokea, inayofaa kwa siku moja ya Novemba: korosho za kukaanga kwa moto wa makumbi, mabibo, madafu. Ukisonga mbele zaidi utafika Ikwiriri, karibu na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, ambako samaki wa maji baridi wa kukaanga huuzwa barabarani na ambako pepeta hupatikana katika msimu wake. Kilwa Masoko, iliyo kilomita zaidi ya 300 kutoka jijini, iache kwa siku za sikukuu, na kumbuka kwamba kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, mji wa magofu ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, kunahitaji kibali kinachotolewa Masoko.

Dodoma ni rahisi: treni ya Jumamosi asubuhi, ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda mchana, zabibu za Hombolo au Mpunguzi zikiwa za msimu, kurudi Jumapili. Mlenda wa Kigogo wa majani yaliyokaushwa na kusagwa huwa mzito kuliko bamia tuliyoizoea, na anayeula mara ya kwanza asihukumu kwa tonge moja.

Kuhusu Unguja nitasema kidogo kwa kuwa kila mtu anaijua Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni. Urojo ulio mzuri huliwa mchana mitaani Ng'ambo, kwenye mabenchi ya mbao, pamoja na bajia, kachori na chipsi za muhogo zilizovunjwa ndani ya bakuli. Na mwezi Julai, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, sikukuu ambayo kwa desturi kila nyumba hupenda iwe na mgeni, jambo linaloifanya iwe nafasi nzuri isiyo ya kawaida kwa msafiri asiyejuana na mtu.

Hatua ya tano: ukifika, salimia kwanza, agiza mapema

Salamu zitangulie swali lolote, na shikamoo isibaniwe mtu aliyekuzidi umri hata kama anakuuzia mihogo. Kijijini kusikozoea wageni, pita kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji useme umekuja kufanya nini. Inachukua dakika chache na inaondoa maswali ya siku nzima. Katika vijiji vya pwani vaa mavazi ya heshima, na usipige picha ya mtu, chakula chake wala mashua yake kabla ya kuomba.

Chakula cha kijijini hakingoji wateja jikoni. Kuku wa kienyeji lazima akamatwe, achinjwe na achemke kwa muda mrefu, na kisamvu hutwangwa kabla ya kuinjikwa. Ongea na mama lishe ukifika asubuhi, mwachie fedha ya kununulia nazi na mkaa, mkubaliane saa, kisha uende matembezini. Ikiwa umealikwa nyumbani kwa mtu, usiulize bei. Nenda na sukari, majani ya chai, sabuni au mchele, na ukabidhi vitu hivyo kwa mama wa nyumba unapoingia, si unapoondoka, maana ukisubiri kuondoka vitafanana na malipo. Kama kuna kitu usichokula kwa sababu ya dini, mwiko wa ukoo au afya, kiseme kabla hakijapikwa.

Hatua ya sita: jua vya kukataa

Hamu ya kuonja vitu vya ajabu ina mipaka, na mingine ni ya uhai. Nyama ya kasa ni haramu kisheria, na pia huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa: mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila. Samaki aitwaye bunju, anayejivimbisha akiguswa, naye ana sumu kali, na usikubali maelezo kwamba fulani anajua kumsafisha. Muhogo ambao hujui aina yake usiutafune mbichi, kwa kuwa muhogo mchungu una sumu inayopungua kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa. Korosho ambayo haijabanguliwa usiivunje kwa meno wala kwa mkono mtupu, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Nyamapori inunuliwe kwenye bucha lenye leseni tu, pamoja na risiti. Anayekuuzia gizani anakuuzia kesi. Gongo nalo liache lilipo.

Zaidi ya hayo, kanuni ni za kawaida: kula kilicho moto, kilichotoka chunguni mbele yako, na beba maji yako ya kunywa. Kachumbari na juisi za barafu ndizo zinazowaangusha watu wengi kuliko pweza au kambale.

Hatua ya saba: kubeba vya nyumbani

Beba kikapu cha ukili au ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwa sababu mfuko laini hauwafai mananasi wala samaki. Samaki wa kukaanga wafungwe kwa karatasi, wasifungwe kwa nailoni wakiwa bado na joto, la sivyo watalegea na kuharibika kabla ya Mbezi. Ng'onda afungwe mara mbili, kisha ndoo ifunikwe vizuri, na ukipanda basi mweleze kondakta mapema ili aiweke kwenye buti la chini, mbali na mabegi ya nguo ya watu wengine. Mabibo uyale huko huko yalikoanguka. Viungo vya Matombo na pepeta za Rufiji husafiri bila shida yoyote, na pepeta zikitiwa kwenye kopo kavu lenye mfuniko hukaa muda wa kutosha kumpelekea yule jirani au fundi aliyekuambia habari zake, pamoja na salamu kutoka kwa ndugu zake.